Mkanda Uliosimamishwa Nkoma

Deki yangu ya mwisho nimeiuza mwezi uliopita kwa mama mmoja anayefuga kuku. Anasema ndani yake ataatamishia mayai. Sikubishana naye. Sherehe yangu ya kustaafu iliishia hapo, na hotuba hakuna aliyetoa. Kwa hiyo nawaandikieni ninyi mnaosimulia filamu siku hizi kwenye kompyuta, mnaouza kazi yenu kwenye flashi pale stendi ya Bariadi, niwaambie machache kuhusu kazi ilivyokuwa wakati msimuliaji anasimama mbele ya watu na kusema kwa mdomo wake, huku jenereta likimpigia kelele mgongoni. Mkitaka kujua kazi hiyo ilinilipa nini, ilinilisha. Mengine yote ni haya.

Shule niliiacha darasa la tano. Baba alinituma Sola kutafuta dume la ng'ombe lililokuwa limepotea. Dume lilirudi nyumbani lenyewe, mimi nikaendelea na safari. Nilichunga mifugo ya watu Mwandoya, nikabeba samaki wakavu Lamadi, nikapakia marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Sikudumu mahali. Lakini kila nilipokwenda nilisoma chochote chenye maandishi: gazeti lililofungia maandazi, maelezo ya dawa ya mifugo, kalenda ya mwaka uliopita. Pale kiwandani ndipo nilipookota kitabu cha upelelezi ambacho kurasa zake za mwisho muuza karanga alikuwa ameshazichana.

Nikawa nawasomea wapakiaji wenzangu tukisubiri malori. Tulipofika pale kurasa zilipoishia, muuaji alikuwa bado hajatajwa. Wacha fujo itokee! Mmoja anasema ni karani, mwingine anasema ni mke mdogo, wa tatu anasema waitwe wote wapelekwe kwa nfumu, ndiye mganga wetu wa Kisukuma, awapigie ramli. Walibishana mpaka lori likaja likaondoka. Mtu mmoja aliyekuwa amesimama kando na baiskeli yake aliniuliza, "Wewe kijana, hicho kitabu kimeisha au umewafanyia makusudi?"

Nikamwambia kurasa zimefungia karanga.

"Ungewadanganya mwisho wowote, wangeondoka," akasema. "Kwa nini hukudanganya?"

"Kwa sababu na mimi nataka kujua."

Mtu huyo ndiye Fundi Nkwabi, fundi redio wa sokoni Bariadi, na kwa jibu hilo akanipa kazi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya Mwanza yamejaa vitu ambavyo jana yake tuliviona kwenye picha tu. Fundi alikuwa ameuza ng'ombe wake wa kulimia akanunua deki, luninga na jenereta dogo. Mkewe alimuuliza shamba litalimwa na luninga? Yeye alikuwa na haraka ya kupata msimuliaji, maana watu wa kwetu walikuwa wanaona picha zinapita, wazungu wanapiga kelele, na hakuna anayejua kisa.

Siku yangu ya kwanza niliaibika. Nilikuwa nimeutazama mkanda peke yangu mara nyingi, kamusi mkononi, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa cha kuokota kama kitabu chenyewe. Kwa hiyo nilijua kila kitu, na kila kitu nikakisema. Mtu anaingia chumbani, mimi nimeshasema atachomwa kisu. Watazamaji wakaanza kunizomea. Fundi alinivuta pembeni. "Wewe ni msimuliaji," akasema, "si nabii. Mwache mtu afe kwanza, ndipo utangaze msiba." Hilo liandikeni mlibandike juu ya kompyuta zenu.

Vifaa. Deki ilisafiri mapajani mwangu, imeviringishwa kwenye blanketi. Luninga ilikaa ndani ya boksi, imezungushiwa pamba mbichi, ambayo kwetu haikuwa shida kuipata. Adui yetu alikuwa vumbi. Kichwa cha deki tulikisafisha kwa spiriti na kipande cha shati kuukuu, na asiyejua kukaza na kulegeza mkono pale alikuwa anakikwangua, na picha hazirudi tena. Mkanda ukiliwa na deki tulikata sehemu iliyokunjamana kwa wembe, tukaunga kwa gundi ya karatasi, na kile kipande kilichopotea mimi nikakijaza kwa mdomo. Kuna mpelelezi mmoja ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuonekana akipita mlangoni, kwa sababu pale mlangoni ndipo mkanda wake ulipoliwa. Watu wa Meatu waliamini anapita ukutani. Heshima yake ilipanda sana, nami sikuona haja ya kuishusha.

Mikanda tuliyoipenda ilikuwa ya aina mbili, ya wanyonya damu na ya wapelelezi, na mpaka leo sijapata ya tatu ya kunishawishi. Nimeitazama kwa miaka mingi, naweza kusema ninachofikiri. Hadithi ya mnyonya damu inakuonyesha mhalifu tangu mwanzo. Unamwona anaamka jenezani, unamwona meno. Shida ni kwamba hakuna anayeamini. Hadithi ya mpelelezi ni kinyume chake: kila mtu anaamini kuna mhalifu, shida ni yupi. Ya kwanza inakufundisha kuogopa, ya pili inakufundisha kuuliza. Zote mbili ni tamu. Lakini usiwape watu ya kwanza siku wanayohitaji ya pili. Nitaeleza nilijuaje.

Hadithi ile ile ya bwana mkubwa wa kwenye kasri niliipata katika mikanda tofauti. Mmoja ulikuwa wa rangi nyeusi na nyeupe, wa kale kabisa. Mwingine ulikuwa wa rangi, na damu yake ilifanana na rangi ya kucha. Mwingine ulitoka upande wa Bara Hindi, na humo mnyonya damu huimba kwanza, anayeumwa naye anaimba, kisha kazi inaanza. Vijana walipenda ule wa damu nyingi. Mimi naushikilia ule wa nyeusi na nyeupe, kwa sababu damu haikuonekana kabisa. Ilionekana sura ya aliyefungua mlango. Yule bwana haingii nyumbani mpaka akaribishwe, na hilo liliwauma watu wetu kuliko meno. Wasukuma hawamfungii mgeni mlango. Kila nilipofika pale wanawake walimpigia kelele mwenye nyumba, "Usimkaribishe, we mama!" halafu wenyewe wakatazamana, maana nani kati yao angemwacha mgeni nje?

Mwandoya alikuwepo mzee mmoja mfugaji aliyeniuliza swali ambalo sijalijibu mpaka leo. "Huyu mtu," alisema, "ana nyumba kubwa, ana watumishi, ana ardhi mpaka milimani. Kwa nini hafugi ng'ombe akanywa damu yake kwa amani?" Waliotunga hadithi zile hawakuwa wafugaji.

Kwa upande wa wapelelezi, desturi yetu ilizaliwa na kile kitabu cha karanga. Fundi aliamua kila mkanda wa upelelezi usimamishwe kabla mpelelezi hajataja jina. Tunazima, tunatoa gunia lililoziba dirisha mwanga uingie, halafu nataja washukiwa na kila mmoja nampa ukuta wake. Anayeamini muuaji ni daktari aende ukuta wa mlangoni, anayeamini ni mke aende ukuta wenye mizani ya pamba, na kadhalika. Watu wanahama kwa miguu yao, mume kule, mke huku, na matusi ya kirafiki katikati. Mimi nauliza swali moja tu: "Nani alimwona?" Kisha tunawasha. Waliokosea wana adhabu: wanamgeukia yule waliyemsingizia, pale pale kwenye luninga, wanamwambia pole. Watu wazima, wenye wake na ng'ombe, wanaiomba radhi luninga. Wageni wakipita walidhani tunasali.

Sasa Nkoma.

Siku hizi Nkoma iko wilaya ya Itilima. Wakati ule hakukuwa na wilaya hiyo, wala mkoa wa Simiyu, lakini pamba ilikuwepo na ghala la chama cha msingi lilikuwepo. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori na mizani yao, wananunua pamba barabarani, na ghala likabaki na popo. Tukaliomba, tukapewa. Tuliziba madirisha kwa magunia tukaonyesha mchana, siku za mnada, watu wakishamaliza kuuza na kununua.

Kila tulipofika huko tulilala kwa mama mmoja mjane, Mayu Holo. Mayu ni mama, na sisi wote tulimwita hivyo. Aliishi peke yake. Alikuwa anachemsha matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, anawauzia watu mlangoni pa ghala wakiingia kutazama. Kuni hazikuwepo, miti ilishakwisha, alichochea kwa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe. Moshi wake ungeweza kuuona kabla hujauona mji wake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu hiyo.

Safari moja tulifika siku moja kabla ya mnada na moshi hatukuuona.

"Mwadila, mayu," Fundi alisalimia.

"Mwadila. Karibuni."

"Mhola?"

Salamu hiyo jibu lake ni "mhola duhu," kwamba ni amani tu, hata kama nyumba inaungua. Mayu Holo hakulitoa. Alituletea vigoda, akakaa chini, akasema, "Ndama wa Shija wamekufa. Kesho sungusungu wanakaa ghalani baada ya mnada. Watanitaja mimi."

Kwa msomaji aliyekua mjini: sungusungu ni ulinzi wetu wa jadi, na mkuu wao huitwa ntemi. Walifanya kazi kubwa kuwazuia wezi wa ng'ombe. Lakini miaka ile, bibi kizee mwenye macho mekundu akishatajwa kwamba ni mchawi, kufukuzwa kijijini ilikuwa ndiyo bahati. Wengine hawakupata nafasi ya kuondoka. Mayu Holo alilijua hilo, nasi tulilijua. Sufuria yake alikuwa ameshaiosha akaifunga kwenye kanga.

Jioni hiyo Shija mwenyewe alikuja. Alikuwa jirani yake, mwanamume wa makamo, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa, si ya mtu mbaya. Hakuingia uani. Alimwita Fundi kule njiani.

"Fundi, kesho wekeni ule wa mumiani."

"Kwa nini huo?"

"Watu wamwone. Waone macho yanavyokuwa."

Ule mkanda wa rangi baadhi ya watu wa Nkoma walikuwa wameuona Bariadi. Mnyonya damu wake akikasirika macho yanawaka mekundu, jambo ambalo kwa mzungu ni pambo la filamu. Kwa Nkoma ya siku ile lilikuwa ushahidi.

"Una ukungu," Fundi akamdanganya. "Deki haiukubali."

"Hata msipouweka," Shija akasema, "watu wanaukumbuka." Akaondoka.

Fundi akaniambia, "Masunga, tufunge mizigo. Sisi ni watu wa kupita."

"Na mayu?"

"Nimesikia. Lakini wakikasirika wataivunja deki, na ndani ya deki hiyo wamo ng'ombe wangu wote."

"Tuwape wa upelelezi," nikasema. "Ule wa mpishi. Tusimamishe mahali petu pa siku zote. Tusiongeze hata neno."

"Na wakiona umewalenga?"

"Mimi si nabii, fundi. Nitangoja mtu afe, nitangaze msiba."

Hakucheka. Aliingia ndani, akachukua chupa ya spiriti na kitambaa, akaanza kusafisha kichwa cha deki. Nikajua tunabaki.

Ule wa mpishi ulikuwa mkanda mzuri na umechoka. Tajiri mmoja mzee anafia mezani kwenye nyumba kubwa ya baridi. Washukiwa ni mke, daktari wa nyumba, mtoto wa ndugu anayependa kamari, na mpishi, bibi kizee anayeishi nyuma ya jiko na anaumwa macho. Kwenye mkanda mpya macho yale hayakuwa na rangi yoyote ya kutisha. Lakini mkanda wetu ulikuwa umechezwa mpaka rangi zote zikaelekea wekundu: ukuta mwekundu, farasi mwekundu, na macho ya mpishi ndiyo usiseme. Mimi nilisimulia kila kitu isipokuwa macho. Hawakunihitaji. Mara mpishi alipotokea nilisikia mnong'ono ukipita kama upepo kwenye mahindi: "Umemwona? Umemwona?"

Ghala lilikuwa limejaa. Ntemi Mabula, mkuu wa sungusungu, alikaa mbele kwenye gunia, upinde wake magotini. Shija alikuwa nyuma yake. Mayu Holo alikaa mlangoni na beseni lake la matobolwa, mahali pake pa siku zote. Nilimwuliza asubuhi kwa nini asijifiche. "Nikijificha watanitafuta," alisema. "Nikiuza watanunua." Hakuna aliyenunua.

Nikasimamisha mkanda. Fundi akatoa gunia dirishani. Nikagawa kuta. Ukuta wa mpishi ulikuwa ule wa kushoto, wa daktari ule wa kulia, na watu wakaanza kuhama, wakahama, wakahama, mpaka upande wa kulia wakabaki vijana wachache na mlevi mmoja aliyelala. Shija alikuwa wa kwanza kufika. Ntemi Mabula aliinuka taratibu akaenda kusimama pale pale.

"Haya," nikasema. "Nani alimwona?"

"Macho yake!" walijibu.

"Macho yamefanya nini?"

"Ni mekundu, huoni?"

"Nani alimwona akitia sumu?"

"Anaishi peke yake!"

"Nani alimwona?"

"Hana mtoto hata mmoja!" akapaza sauti mama mmoja.

"Nani alimwona?"

Mzee mmoja akasema, "Mzungu atamwonaje bila dawa ya kumwonea? Mwambieni huyo mpelelezi aje kwa nfumu." Kicheko kikapasuka, na mimi nikawasha.

Mnaojua mkanda wa aina hii mnajua inavyokwenda. Mpelelezi anawaita wote sebuleni. Anasema tumekagua masufuria ya mpishi yote, tumemlaumu mpishi kwa sababu sura yake haipendezi, lakini marehemu siku ile hakula chochote, tumbo lilikuwa linamsumbua. Alikunywa maji tu, kwenye jagi lililokaa kando ya kitanda. Na jagi lile alikuwa analijaza daktari. Nilisimulia hayo polepole, neno kwa neno kama mpelelezi alivyosema.

Daktari akafungwa pingu. Nikazima. "Waliokosea," nikasema, "mnajua desturi."

Ukuta mzima wa kushoto ukaigeukia luninga. "Pole, mayu," wakasema. Sauti ya Ntemi Mabula ilikuwa nzito kuliko zote.

Ndipo Mayu Holo aliposema kutoka mlangoni, bila kuinuka na bila kupaza sauti. "Huyo mnayemwambia pole hata Kisukuma hajui. Mimi najua."

Ntemi Mabula alimtazama Fundi akaonyesha jenereta kwa kidevu. Fundi akalizima. Kisha ntemi akaketi tena kwenye gunia lake, akasema kikao kimeanza, na akamwita Shija mbele.

"Nani alimwona?" akamwuliza.

"Ntemi, ndama wamekufa."

"Sijauliza kama wamekufa. Nauliza nani alimwona."

Kijana mmoja wa ukuta wa kulia, wale wachache waliopatia, akapiga kelele, "Uliza walikunywa nini!" Na hapo, wenzangu, ndipo nilipoona kazi yetu kwa macho yangu. Ghala zima likageuka wapelelezi. "Walikufa wote au wengine?" "Wakubwa au wadogo?" "Nani anawanywesha?" "Mwache kwanza, we, mmoja mmoja!"

"Nani huwanywesha?" ntemi akauliza.

"Mimi," akajibu mwanamke. Alikuwa Minza, mke wa Shija. "Wakubwa wanakwenda mtoni. Wadogo nawapa maji nyumbani, kwenye pipa."

"Waliokufa ni wepi?"

"Wadogo."

"Na wa mtoni?"

"Wazima." Akaongeza, kama mtu anayejisikia akisema kwa mara ya kwanza, "Wote wazima."

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Pipa Shija alikuwa amelinunua mnadani, pipa zuri la bluu, imara, kila mtu alilitamani. Tuliondoka wote kwenda kuliona, ghala zima, mchana kweupe, tunapita kati ya mashamba. Ntemi aliinama akatia kichwa ndani, akatoka haraka. Akamwita mwingine, naye akanusa, na mwingine. Ilikuwa dawa ya kupulizia pamba. Hakuna mkulima Nkoma asiyeijua harufu ile, na ndiyo maana hakuna aliyeisikia: ulikuwa msimu wa kupulizia, kijiji kizima kilinuka hivyo, nguo, mikono, hata ugali. Zamani dawa ilikuja kupitia ghala, na mapipa yalirudishwa ghalani. Sasa kila mtu aliuza dawa, na mapipa yalikwenda popote yanapotakiwa. Ruksa ilituletea deki, ikatuletea na pipa.

Shija alilipindua pipa, maji yakamwagika, akalikalia. Nilidhani atabisha. Alisema tu, "Nililiosha. Nililiosha vizuri."

Hakuna aliyemcheka. Ntemi Mabula alituongoza kurudi ghalani, akasimama mbele ya Mayu Holo, na wale wote wa ukuta wa kushoto nyuma yake. Sikutangaza chochote, kazi yangu ilikuwa imekwisha. Wakasema pole mmoja mmoja, safari hii bila kicheko, na waliokuwa na kofia walizivua. Shija alikuwa wa mwisho. Mayu Holo alimwacha amalize, kisha akamwambia, "Pole na wewe kwa ndama." Akafunua beseni. Matobolwa yalikuwa yamepoa, na yote yalikwisha.

Fundi Nkwabi alizungumza na mimi tukiwa njiani kurudi Bariadi, deki mapajani mwangu, nzima. "Umeona," akasema, "deki inalima." Nadhani alikuwa anamjibu mkewe.

Baadaye zilikuja santuri za video, yakaja madishi, vikaja vibanda vya mpira vilivyotunyang'anya vijana. Fundi alifariki nikabaki na vifaa. Niliendelea kuzunguka, maana sijui kukaa, na kila mahali nilisimamisha mkanda kabla ya jina. Ninyi mnasimulia vizuri kuliko mimi, mna sauti, mna mizaha. Lakini nasikia mnamaliza filamu moja kwa moja bila kumwuliza mtu kitu. Simamisheni. Hata kwenye flashi inawezekana. Mwache mtazamaji achague ukuta wake, na akikosea aseme pole.

Nimebakiza kisa kimoja tu. Mnada uliofuata tulirudi Nkoma, na moshi tuliuona kutoka mbali. Minza alikuwa amempelekea Mayu Holo kuni za kweli, lakini mayu mabua alikuwa hajayaacha. Baada ya kutukaribisha alisema anataka kumwona huyo mumiani wa kizungu ambaye watu walimfananisha naye. Fundi alisita, kisha akakubali. Tukaziba madirisha ya ghala, tukamkalisha mbele, kwenye gunia la Ntemi Mabula, na ntemi mwenyewe akasimama. Shija na mkewe walikaa pembeni ya mayu.

Nilisimulia kwa uangalifu kuliko siku zote. Jeneza likafunguka, bwana mkubwa akatoka, akapita vyumba vyake, ngazi, sebule, kumbi ndefu, na mwisho akakasirika, macho yakawaka mekundu luninga nzima. Mayu Holo akainua mkono niusimamishe mkanda. Nikausimamisha.

"Masunga," akasema, "nyumba yote hiyo nimetembea naye, jiko sijaliona. Sasa hayo macho yamekuwa mekundu kwa moshi gani?"